Friji ya Nesma

Kalamu ilikuwa tayari mkononi nilipouona mstari wa mwisho wa risiti ya friji: ada ya huduma, pauni elfu tatu. Dukani niliambiwa bei ni moja, nikalipa yote.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza mleta mzigo.

"Ya kawaida tu, Hajati. Tia sahihi nishushe."

Mtaa mzima ulikuwa nje. Vyombo vya binti yangu Nesma vilishapangwa juu ya lori kupelekwa kwa mumewe, ngoma zinalia. Ilibaki friji tu, na friji tuliiahidi sisi.

Mama wa bwana harusi akacheka kwa sauti: "Jamani, friji inakuja kwa miguu?"

Nikapiga simu ofisi ya kulinda wanunuzi. Msichana aliyepokea akaniambia, "Mama, ukitia sahihi hivyo hivyo, umeikubali hiyo ada. Andika kwamba hukuambiwa, na ulitunze tangazo la bei la duka. Kisha njoo ushtaki."

Tangazo ninalo. Lakini ngoma zilikuwa zimenyamaza, zinaningoja mimi.

Akina mama wenzangu, ulizeni bei ya mwisho, na iandikwe, kabla ya siku ya ngoma. Mimi sikuuliza. Niliegemeza karatasi ukutani, nikaandika kwa herufi kubwa kubwa: SIKUAMBIWA. Chini yake nikatia jina langu.

Yule mtu akaisoma. Akapanda garini kwake, akaanza kuifunga friji kamba upya airudishe dukani.

"Mama," Nesma akaniita kutoka roshanini, "mbona anaifunga?"