Mpishi wa Shamba la Pamba

Kwenye kiwanda cha kubangua korosho, wanawake wa meza ya tisa walikuwa na mtindo wao: mmoja anawasomea kitabu kwa sauti, wenzake wanambangulia fungu lake. Siku hiyo msomaji alikuwa Somoe, na kitabu kilikuwa riwaya ya shamba la pamba huko Marekani, enzi za utumwa. Ghafla akakifunga kitabu.

"Jamani, huyu mpishi. Kalea watoto wote wa bwana, kitabu kinakwisha, na bado hana jina."

"Mwandishi kasahau," alisema Bi Havijawa.

"Hakusahau, mama. Anayesimulia ni bwana mwenyewe. Hakuwahi kumuuliza jina."

Visu vilitulia. Wakatazamana, macho yakiwaka, kila mmoja akitaka kusema kabla ya mwenzake.

Msimamizi akachungulia mlangoni. "Meza ya tisa, mmoja wenu aje."

Kwa kawaida Somoe ndiye angenyanyuka. Safari hii alibaki ameketi. Bi Havijawa, mwoga kuliko wote, akachukua korosho nyingine, akaibangua taratibu.

"Meza ya tisa," msimamizi alirudia.

Wote wakamgeukia, wakamtazama usoni, wakangoja. Msimamizi alifungua kinywa ili amwite mmoja wao kwa jina, kikabaki wazi.