Choo Kimechagua ya Pili

Mjini kwao, dawa ya tezi dume ilichaguliwa na choo cha nyumbani kwa kusikiliza mkojo unavyotoka, na siku ya kutangaza mshindi majirani waliitwa kula vitumbua.

Mzee Shee alikuwa ameshajaribu dawa mbili. Ya kwanza ilifungua njia upesi, akawa analala fofofo mpaka asubuhi, ila akisimama ghafla kichwa kilimzunguka. Ya pili iliipunguza tezi polepole, na bado alikuwa akiamka mara moja usiku.

Mkewe, Bi Mwanatumu, aliitaka hiyo ya pili. Miaka yote mzee akirudi kutoka msalani humkuta macho, wakapiga umbea na kucheka mpaka usingizi uwarudie. Wakati wa dawa ya kwanza ilikuwa kama analala na gogo. Basi siku hizo, kila alfajiri, mzee akikoroma, alikwenda kumimina chooni maji ya kopo la kutawadhia, tone kwa tone, ili choo kidhani mzee bado anahangaika.

"Mshindi ni dawa ya pili!" choo kikatangaza. Vigelegele vikapasua paa. Mzee Shee akamvuta mkewe wakacheza.

"Afadhali, mke wangu," akamnong'oneza. "Ile nyingine ilininyima umbea wako."

Bi Mwanatumu akaenda chooni kunawa mikono, uso wote kicheko. Alipofunga mlango, choo kikashusha sauti.

"Maji ya kopo nayajua, Bi Mwanatumu. Lakini hata mimi umbea wenu naupenda. Ile habari ya wifi yako hamkuimaliza. Leo usiku, tafadhali, pazeni sauti kidogo."