Kumi na Tisa

Night Poni aliandika 20. Kabla hajaondoa kidole, kioo cha simu kikamrudishia 19.

Akaandika tena 20. Ikarudi 19.

Aliyekuwa akiirudisha ni Injinia Celestino, ofisini kwake Arua, akiutazama ukurasa uleule. Ilikuwa maktaba ya vipuri ya mtandaoni: kila fundi wa pampu za visima, kutoka Koboko hadi Manibe, aliruhusiwa kuingia na kusahihisha vipimo, na wenzake wote wakaona papo hapo. Leo saa sita mchana ukurasa ungefungwa, na beringi za pampu arobaini zingeagizwa kwa namba itakayokutwa pale.

Simu ikalia.

"Nani huyu anachezea namba?"

"Ni mimi, injinia. Poni, fundi wa Koboko. Nimepima mara tatu. Ekseli iko milimita ishirini. Beringi ya kumi na tisa haiwezi ingia."

"Dada, wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Na uko na miaka ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Mimi nilianza hii kazi kabla hujaota meno. Hii namba iko hapa miaka mbili, na tiki ya kijani juu, imethibitishwa. Nimeiweka kwenye ripoti tatu. Kama ekseli inakataa, ekseli ndiyo imekosea. Chukua tupa, uichonge."

"Zote arobaini?"

"Zote!"

Poni akainua macho. Mbele yake Hajara, jirani yake, alikuwa amening'inia kwenye mpini wa pampu kwa uzito wake wote, miguu hewani, na mpini, beringi yake imekwama, haukutikisika. Wiki ya tatu hiyo, mtaa mzima unachota maji ya matope mtoni.

Zilibaki dakika kumi.

"Injinia, nakuomba. Acha ishirini, uweke jina langu. Ikiharibika, ni mimi."

"Jina lako litafanya nini? Maktaba inataka chanzo. Chanzo! Aliyeandika kumi na tisa alikuwa nacho. Ngoja nifungue historia, uone ni profesa gani unabishana naye."

"Hakuna haja, injinia. Tusisumbue mutu."

"Eeh! Sasa unaogopa? Ulianza mwenyewe. Leo utajua watu wamesoma wako namna gani."

Poni akasikia kompyuta ikibofywa, mara moja, mara ya pili. Kisha injinia akaanza kusoma, polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu aliyepewa mimbari.

"Kipimo: kumi na tisa. Kimeingizwa Awindiri, siku ya kwanza ya mafunzo ya mafundi, zoezi la kujaza ukurasa. Mwandishi: Night Poni, Koboko."

Mstari wa mwisho akausoma kwa kunong'ona.

"Chanzo: umri wangu."