Hodi ya Tatu

Sikudhani alisimama mbele ya mlango wa Dokta Mlacha, mwalimu wake wa hesabu. Tangu aingie chuoni hakuwa ameelewa kipindi chake hata kimoja. Kila Dokta alipouliza, "Tuko pamoja?" aliitikia kwa kichwa kama wenzake.

"Nenda kwake kabla hujafeli," Bahiya, dada wa mwaka wa tatu aliyelala naye chumba kimoja, alikuwa amemwambia asubuhi ile. "Wengi huenda wakishafeli, wakaishia kulia. Nenda, mdogo wangu. Hang'ati yule."

Alishapiga hodi mbili, bila kuitikiwa. Kwao hodi ni tatu; usipoitikiwa, unageuka, unarudi ulikotoka. Ndiyo maana ya tatu alisita kuitoa. Akiitoa isiitikiwe, atarudi kweli, tena si chumbani bali kwao kijijini. Begi alishalifunga.

"Hodi," alisema hatimaye, kwa sauti ya kitoto.

Ndani, kiti kilikwaruza sakafu. Nyayo zikaja, zikasimama nyuma ya mlango. Kitasa kikataka kuzunguka, kikashindwa. Sikudhani akatazama chini, akaona mkono wake mwenyewe umekishika, umekikaza kisifunguke.

"Karibu," sauti ilisema kwa ndani. "Mbona umenifungia?"