Mapigo Arobaini

Maziwa yalikuwa yameshaanza kunuka. Friji lilizimwa tangu asubuhi ili mngurumo wake usinaswe kwenye maikrofoni, na ile harufu ilikuwa imetoka jikoni ikaingia mpaka chumbani, mahali Sikio alipoegemeza godoro ukutani na kuziba dirisha kwa mablanketi. Lakini kilichomchefua siku ile hayakuwa maziwa. Ulikuwa wimbo.

"Shusha tena," alisema mshonaji aliyekuja kurekodi. "Kidogo tu."

"Dada yangu, tukishuka zaidi ya hapa tutakuwa tumesimama."

"Bado, kaka. Shusha."

Akashusha. Mapigo hamsini kwa dakika, arobaini na tano, arobaini. Ngoma ikagonga, ikanyamaza. Mtu angeweza kupiga chafya na kujifuta kabla haijagonga tena. Jina la Sikio hakupewa bure: miaka kumi alikuwa akirekodi humo chumbani matangazo ya maduka, na sauti ikipinda kidogo tu anaisikia hata akiwa bafuni. Huu ulikuwa wimbo wake wa kwanza kupigwa mbele ya watu mia nne. Mshonaji alikuwa anaolewa Jumamosi, akautaka uwe wimbo wa kuingilia ukumbini. Watu wangeusikia uozo huu, kisha wangeulizana nani kautengeneza.

Siku ya kwanza walikuwa wamejaribu mapigo sabini na sita. Mshonaji aliimba mara moja tu, vizuri mno, mpaka Sikio akajikuta anacheza kwenye kiti. Halafu mwenyewe akavua hedifoni, akasema hapana, siyo. Akatoa simu, akamsikilizisha kitu alichokuwa amekirekodi nyumbani.

Tok. Kimya. Kitu kikaburuzwa sakafuni. Tok. Kimya.

"Ndiyo nini hii? Mtu anahamisha meza?"

"Usiniulize, nimeahidi kufunga mdomo. Wewe fuata hiyo."

"Nitungie watu wimbo kwa kufuata meza?"

Mshonaji hakucheka. "Kutoka mlangoni mpaka jukwaani ni mita kumi na nne, nimepima kwa tepu yangu. Hatua arobaini. Hatua ya arobaini, wimbo uishe. Tumefanya mazoezi miezi mitano kwa mwendo huu huu."

Miezi mitano! Sikio aligeuza uso asionekane. Watu wazima na akili zao, wanafanya mazoezi ya kutembea. Yeye mwenyewe mita hizo angezimaliza kwa hatua ishirini, tena bila kujitahidi. Maharusi wa namna hiyo aliwajua sana: hatua moja, tabasamu kwa kamera, shingo upande, hatua nyingine, na wageni wanakufa njaa. Maringo yalimtia kinyaa tangu utotoni. Huyo bwana harusi hakuwahi kumwona, alisikia tu kwamba zamani alikuwa dereva wa lori. Akamhurumia, kusimama kote huko mbele ya watu akimngoja bibi harusi afike.

Basi akaurekodi kwa arobaini, kwa kuwa mwenye shughuli ndivyo alivyotaka. Mshonaji aliusikiliza mpaka mwisho, machozi yakamtoka, akamshika Sikio mikono yote miwili.

"Asante, kaka yangu. Tafadhali usiuguse tena. Kila kitu kiko kwenye huo mwendo."

Hata machozi yale yalimchefua.

Mkewe aliporudi kazini alimwaga maziwa, akaosha sufuria, akaja kusimama mlangoni. Sikio alikuwa ameinama kwenye kompyuta, anapanga ngoma mpya chini ya ile sauti ya mshonaji aliyoinasa siku ya kwanza.

"Si umesema ameshaukubali?"

"Ameukubali kwa sababu hajui. Jina litakalochafuka ni langu."

"Basi mpigie simu umuulize."

"Atanishukuru ukumbini," alisema Sikio, bila kuinua kichwa.

Mapigo sabini na sita. Aliusikiliza mara tatu mfululizo, na kwa mara ya kwanza wiki ile kichefuchefu kikamtoka. Asubuhi ya harusi akaupeleka mwenyewe kwa mtu wa muziki, akavaa suti, akachagua kiti karibu na spika.

Ukumbi ulijaa. Mshereheshaji akaomba watu wasimame, watu wakasimama, shingo zote zikageukia mlangoni. Sikio naye aligeuka, ila kitu kikamvuruga: mshonaji hakuwa mlangoni. Alikuwa tayari jukwaani, peke yake ndani ya gauni lake jeupe, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi.

Wimbo ukalipuka. Ulikuwa mtamu kuliko alivyotarajia. Wageni wakaudaka papo hapo, watu mia nne wakipiga makofi kwa pamoja, haraka haraka, na Sikio akatabasamu kumtafuta mshonaji kwa macho ili aipokee shukrani yake. Mshonaji alikuwa anaitazama spika, mdomo wazi, anatikisa kichwa.

Mlango ukafunguliwa. Kiti cha magurudumu kilibaki nje, kitupu, kimefungwa riboni, na bwana harusi akaingia amesimama, mkono mmoja kwenye gongo. Mama mmoja akapiga yowe la furaha, akaita jina la Mungu. Makofi yakazidi.

Mguu mpya wa bwana harusi, wa bandia, ukagusa sakafu: tok. Ule mwingine ukaburuzwa kuufuata. Ngoma ilikuwa imeshapita. Akasikiliza kidogo, akamtazama mshonaji kule mbele, akaanza kuharakisha.