Mlango wa Chumba cha Kuoshea Maiti

Siku hizi mlango wa chumba cha kuoshea maiti haumfungulii mtu mpaka aandike uhusiano wake na marehemu, na neno lenyewe liwemo kwenye orodha. Bi Mwanakheri aliandika: mke mwenza. Kioo cha mlangoni kikajibu: neno halitambuliki.

Miaka thelathini alikaa nyumba moja na Bi Zuhra. Waligombana, wakapikiana uji wa pilipili manga kila mmoja alipojifungua, na mume alipokufa wakabaki wakizeeka pamoja. Leo alikuja kumwosha.

“Andika jirani, mama mdogo,” alisema Shomari, mwana wa marehemu, aliyesimama kando yake. “Utafunguliwa.”

“Jirani? Mimi niliyekunyonyesha mama yako alipokuwa mahututi?”

“Orodha ina maneno tisa tu.”

“Mjinga gani aliyeiandika?”

Shomari, fundi wa milango ile, akaangalia viatu vyake.

“Mimi. Sikukumbuka.”

Bi Mwanakheri alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaandika jirani. Mlango ukafunguka papo hapo, ukasema kwa sauti tamu:

“Pole kwa kufiwa na jirani yako.”