Namba Zilizokataa

Gitel alitoka jikoni na simu mkononi, kikaratasi chenye namba ya binti yake kikiwa bado kimebanwa kwenye vidole, akaketi.

"Namba zimekataa," alisema. "Wewe na Lipe haiwezekani."

Hinde, binti yake, alikuwa anamenya viazi. Alikimenya kile alichokishika mpaka kikaisha chote, kisha akaenda kulala, saa kumi na moja jioni.

Hakuuliza kitu, na hapa kwetu Antwerp nani angeuliza? Sisi Wayahudi wa Ulaya tulitokana na watu wachache, wakaoana wao kwa wao mamia ya miaka, na ugonjwa uliokuwa wa nyumba mbili tatu ukatuenea sote. Mtu anaubeba maisha yake yote, mzima wa afya. Akioana na mwenzake anayeubeba, mtoto wao anaweza kuzaliwa mzuri kabisa, akacheka, akajifunza kukaa, halafu akaanza kushindwa kukaa. Dawa yake hakuna.

Ndiyo maana tukajiwekea utaratibu. Vijana hutolewa damu shuleni, na hakuna anayeambiwa anabeba nini, watu wasije wakamnyooshea vidole. Anapewa namba tu. Posa ikija, nyumba mbili hupeana namba, na zote mbili husomwa kwa simu kwenye ofisi moja. Ofisi hujibu: oaneni, au achaneni. Jibu hilo halina rufaa.

Gitel aliujua ugonjwa huo kuliko mwanamke yeyote mtaani. Yeye na mumewe walioana kabla utaratibu haujawafikia, na mtoto wao Usher alifariki mikononi mwake akiwa na miaka mitatu. Hinde alikuwa msichana mdogo wakati ule, ndiye aliyekuwa akimpangusa mdogo wake mate. Mama aliyezika mtoto namna hiyo akikuambia namba zimekataa, unamshukuru.

Na Hinde alimshukuru, ingawa ilimchukua wiki nzima. Alikuwa amempenda Lipe, kijana aliyemposa. Walionana mara tatu tu, sebuleni, mlango wazi, wakazungumza habari za vitabu na za baba yake Lipe, fundi baiskeli. Gitel aliwahi kutania kwamba wajukuu wake watazaliwa na grisi kwenye kucha, na nyumba nzima ikacheka.

"Umeniokoa, mama," Hinde alimwambia.

Gitel alimkumbatia, machozi yakamtoka. "Nimezika mmoja, mwanangu. Sitaki na wewe uzike."

Baada ya miezi mitano mshenga alileta posa ya Zalmen, kijana mpole, mtoto wa mwuza almasi. Safari hii namba zilikubali. Jibu lilichukua siku mbili, na Gitel hakubanduka karibu na simu. Hinde alishangaa kidogo, maana la kwanza lilikuja kabla birika halijachemka. Mama yake akasema ofisi siku hizi imezidiwa na kazi.

Siku ya uchumba ukumbi ulijaa. Mkataba ukasomwa, kisha Gitel na mama yake Zalmen wakashika sahani moja, wakaipigiza chini, ikasambaratika. Kwetu sahani ikishavunjwa, mkataba hauvunjwi tena. Wazee husema heri kuoana na kuachana kuliko kurudi nyuma hapo. Wanawake waliwapigia makofi wakifurahi. Hinde naye alitabasamu, na kwa kweli siku ile alianza kuamini kwamba atamzoea Zalmen.

Ndipo alipomwona Frume karibu na meza ya keki. Frume alikuwa dada yake Lipe, na yeye na Hinde walifundisha pamoja shule ya chekechea. Tangu lile jambo la kaka yake litokee alikuwa akimsalimia Hinde nusu nusu, kazini hawakuongea ila habari za watoto. Leo alikuja, lakini koti hakulivua.

Hinde alimvuta pembeni. Hakutaka kuingia kwenye ndoa na kinyongo cha mtu.

"Mwambie kaka yako asinichukie," alimnong'oneza. "Mimi nilimtaka, Frume. Damu zetu ndizo zilizokataa."

"Damu gani tena? Mshenga alituambia umebadili mawazo."

"Namba zetu zilikataa. Mama mwenyewe alipiga simu, mimi nipo."

Frume alimtazama Hinde, kisha akamtazama Gitel, aliyekuwa katikati ya ukumbi akigawa vipande vya sahani kwa wasichana wasioolewa, kwa bahati njema.

"Alipiga na namba ipi?" aliuliza taratibu. "Baba alikaa na namba ya Lipe mfukoni mwezi mzima, akisubiri. Hakuna mtu wa kwenu aliyekuja kuiomba."